Miezi Mitatu ya Kusema Kheri

Assalaamu alaikum. Wazee wangu, shikamooni nyote. Na nyinyi wadogo zangu mnaosafiri mwezi ujao kwenda kusoma, marahaba, nimeitikia mapema kwa sababu najua hamkuwa na nia ya kuniamkia.

Nimeombwa nisimame hapa kwa kuwa mimi ndiye yule kijana wa Ibra aliyekwenda kucheza mpira Marekani. Mama mmoja kanishika pale mlangoni akaniambia, "Waeleze watoto namna ulivyofaulu." Nitaeleza, mama. Lakini kufaulu kwangu kuna shimo katikati, na hilo shimo ndilo nililokuja kulisema. Jina la mtu sitalitaja.

Nilipokuwa skuli, kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda wadini, kwenye mto mkavu, kucheza kriketi na mafundi cherehani na vinyozi wa Kihindi. Gongo la kupigia mpira hawakunipa. Waliniweka mbali kabisa, kule kwenye migunga, nikimbizane na mipira iliyopotea. Kwa hivyo nikajifunza jambo moja tu maishani, kuutupa mpira kutoka kwenye migunga mpaka katikati ya uwanja bila kugusa chini. Bibi yangu hakujua kriketi ni nini. Akiulizwa niko wapi, husema, "Kenda kutupa mawe."

Huyu bibi nimweleze vizuri, maana khabari yote inamzunguka yeye. Ni mama yake baba yangu. Alizaliwa Unguja mjini, akaja huku Omani angali kijana, na watoto wadogo. Wanawe na wajukuu wote alisema nao Kiswahili, nao wakamjibu Kiarabu. Mimi nilimjibu kama alivyonisemesha, kwa sababu mama alikuwa akisomesha na mimi nikilelewa chumbani mwa bibi. Kiswahili hiki mnachokisikia ni chake, makosa yaliyomo ndiyo yangu.

Basi nikapata nafasi ya serikali kwenda kusoma uhandisi Marekani, katika mji mdogo wenye mashamba ya mahindi pande zote. Siku moja nikipita kando ya uwanja wa chuo, mpira ukatoka nje ukaja miguuni pangu. Nikaurudisha. Ukapita juu ya vichwa vya wachezaji wote, ukamfikia kifuani mtu aliyekuwa mwisho kule. Kocha akaja mbio akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ukweli, "Wadini, kwa vinyozi."

Mchezo wao unaitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira, mpinzani wake ameshika gongo anajaribu kuupiga. Mimi nikafanywa mrushaji. Mwaka wa kwanza nilipigwa kila upande. Wa pili wakaanza kukosa, na wa nne watu wazima wanaotafutia timu wachezaji wakaja kunitazama na daftari mkononi. Shahada niliipata, baba yupo hapa ni shahidi. Nikaitwa na timu ya ligi ndogo. Chini ya ligi yao kubwa kuna ngazi za ligi ndogo, unapanda moja baada ya moja au unateremshwa. Baba alikuwa kanitafutia kazi Maskati, tena kazi nzuri, akasema rudi. Bibi akaichukua simu mkononi mwa baba akasema, "Mwache mtoto akatupe mawe yake. Akichoka atarudi." Nikabaki.

Ndugu zangu, nawaambia, ligi ndogo ni basi. Masaa kumi barabarani, uwanja, kisha basi tena. Na mle basini ndimo hamu ya nyumbani ilimonikamata. Sikujua kama mtu anaweza kutamani kuitwa kula kwa kupigiwa kelele. Nilitamani harufu ya udi kwenye shela ya bibi. Nilitamani mtu aniambie, "Hebu jongea huko, umenijazia mahala." Nilikuwa nikijisemesha Kiswahili peke yangu dirishani, polepole, kijana aliyekaa kando akidhani nasoma dua.

Msimu wa pili kiwiko kikatoa mlio. Nilirusha mpira mmoja, mkono wote ukawa na ganzi mpaka vidoleni. Wakanitibu kidogo, wakangoja kidogo, kisha wakaniita ofisini wakanitoa kwenye timu. Nikahamia kwa mwenzangu mmoja, nikalala kwenye kochi lake.

Sasa sikilizeni, maana hapa sote tunahusika. Mgeni akiingia nyumbani kwetu tunamkalisha kwenye majlis, baraza ya wageni, tunampa tende na kahawa, kisha mkubwa wa majlis anamuuliza, "Ulum? Khabari za utokako?" Na jawabu ni moja, hakuna ila kheri. Hata kama gari yake imechukuliwa na maji Wadi Batha, atasema kheri. Ni adabu yetu nzuri, siitukani. Lakini mimi niliibeba mpaka Marekani. Mama akinipigia, "Khabari?" Kheri. "Mpira?" Kheri. Miezi mitatu nimelala kwenye kochi la watu nasema kheri. Nikatuma na picha yangu uwanjani, ileile moja ya zamani, leo nimeikata upande huu, wiki ijayo upande ule. Mama akawaonyesha nusu ya watu wa Ibra. Wengine wenu mmeiona, nisameheni.

Nami nikiuliza khabari za bibi, naambiwa kheri. Kalala. Yuko msalani. Kheri.

Siku moja simu ikaleta ujumbe wa sauti wa dada wa kazi aliyekuwa akimtunza bibi nyumbani, mtu wa Tanga. Alikuwa hajawahi kuniandikia. Akasema, "Mdogo wangu, kwa hili naweza kufukuzwa kazi, lakini nalisema. Bibi yako Kiarabu kimemtoka chote. Wenzako humu wanamwelewa ila hawajui kumjibu, anayesikilizana naye ni mimi tu. Kila asubuhi anakuuliza wewe. Wao wanakuambia kheri, hakuna kheri. Mimi namwambia uko njiani, na nimechoka kumdanganya mtu mzima."

Nikampigia. Nikamwambia, "Dada, na mimi sichezi tena. Yapata miezi mitatu sasa." Akasema, "Kumbe ukoo mzima waongo. Rudi nyumbani."

Nikarudi. Nikakalishwa, nikapewa tende, ami yangu akaniuliza ulum. Mnadhani nilisema nini? Nilisema kheri, niko likizo.

Bibi hakunijua. Aliniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamwambia, akaitikia kwa heshima kama anavyomwitikia mgeni, akaniambia ana mjukuu Marekani, kazi yake kutupa mawe. Nikasema namfahamu. Nililia pale pale mbele yake, naye akanipa ncha ya shela yake nijifute. Tangu hapo kila alasiri nilikaa naye. Na kwa kuwa hanijui, na ikifika magharibi keshasahau, nikaanza kumwambia. Nikamweleza kiwiko, kochi, picha. Akisikitika. Kesho yake namweleza upya, anasikitika upya. Wiki tatu nilimwambia bibi yangu ukweli kila siku, na kila siku ukanitoka mdomoni kwa wepesi zaidi kuliko jana.

Kwa baba bado ulinikwama. Ila mkono ulinisaliti. Mnajua kwetu ukitosheka na kahawa unakitikisa kikombe, mwenye birika anakichukua. Mimi mkono wa kulia, tangu kiwiko kile, ulikuwa unatetemeka wenyewe. Kila majlis, kikombe kimoja, kinatikisika, kinachukuliwa. Watu wakasema kijana karudi na adabu, hanywi zaidi ya kimoja. Nami ningeweza kulimaliza birika zima.

Baba aliona. Ijumaa moja wageni walipoondoka, akachukua birika mwenyewe, akanimiminia, akanitazama. Kikombe kikatikisika. Hakukichukua. Akasema, "Kunywa." Nikanywa. Akamimina tena, kikatikisika tena. Akasema, "Mkono wako una nini?" Nikafungua mdomo kusema kheri. Nikamwambia vingine. Nikamwambia yote, kwa Kiarabu, yaleyale niliyoyazoea kwa bibi.

Baba aliweka birika chini. Akasema, "Na mimi nimekudanganya. Mama yangu hanijui tena, ananiita bwana, ananiuliza nimekuja kumtazama nani. Ningekwambia, ungeacha mpira. Na mimi ndiye niliyekuwa sitaki uende. Niliogopa utadhani nimefurahi umeacha."

Wallahi sikuwahi kumsikia baba akisema neno niliogopa.

Wiki ile akanipeleka Nizwa kwa daktari wa mazoezi ya viungo, akanipeleka kila wiki miezi saba, huko na kurudi. Uani kwetu, baba, mtu mzima wa wizarani, alikaa kiti cha plastiki amevaa glavu ya ngozi, akidaka mipira yangu. Kidole kimoja nilimvimbisha. Mama aliniambia nimuue pole pole.

Timu imeniita tena, ngazi ya chini kuliko ile niliyokuwamo. Ninakwenda. Mtanishangaa, lakini nikiwa kule naitamani Ibra mpaka sipati usingizi, na nikiwa hapa kiganja kinauulizia mpira. Sijapata dawa ya hilo, na siwaahidi nyinyi wasafiri kuwa mtaipata.

Namshukuru dada wa Tanga, ambaye hakufukuzwa. Mama alimpa kanga mbili na akaona haya kumtazama usoni kwa siku nzima. Namshukuru daktari. Namshukuru mwenye kochi. Na nyinyi mnaosafiri, mkiulizwa mbele ya watu semeni kheri, ndiyo adabu. Kisha tafuteni mtu mmoja tu nyumbani mumwambie lililobaki, kabla miezi mitatu haijatimia. Na nyinyi wazazi, msiwafiche watoto wagonjwa wao. Mnadhani mnawapunguzia hamu, kumbe mnawaachia kutamani nyumba ambayo haipo tena.

Bibi yangu yu hai, Alhamdulillah. Anakula kidogo sana. Mimi naondoka wiki ijayo, na sote nyumbani tunajua hesabu zake, kwetu mtu hazikwi kesho, anazikwa leo, na mimi nitakuwa upande wa pili wa dunia. Maziko sitayawahi. Jana nilimwambia baba, siku hiyo ikifika, nikikuuliza khabari usiniambie kheri.

Baba akasema, "Nitakupigia mimi mwenyewe, kabla hatujamuosha. Nitakuwekea simu sikioni kwake, umuage kwa Kiswahili."