Kabla ya Kuuliza Ngamia

Nilipanda tuktuk kutoka soko la mifugo la Garissa pamoja na mzee Ogle, muuza ngamia, na msichana mmoja wa chuo tusiyemjua. Mzee aliikodolea simu yake macho kama imemtemea mate.

"Nimenunua kifurushi cha dakika kumi, nikampigia ndugu yangu Mandera, imekata kabla hajaniambia kitu!"

Msichana akauliza walikuwa wakiongea nini.

"Kuongea bado. Tulikuwa tunasalimiana."

"Dakika kumi, mzee?" Msichana alishika mdomo.

"Nimeuliza mama yetu, watoto, mvua, malisho. Akasema ana habari, nikamwambia ngoja, sijauliza ngamia."

"Basi kifurushi hicho hakikufai. Ama uanze na habari, salamu zifuate."

"Astaghfirullah! Mimi ni mnyama?" Hata dereva aligeuka, na barabara ile haitaki dereva ageuke.

"Lakini si amekwambia wote wako salama?"

"Binti yangu, kwenye salamu kila mtu yuko salama. Habari huja baadaye."

Msichana akampa simu yake. Alisema ina dakika za mwezi mzima, asalimie mpaka achoke. Mzee akapiga, akatabasamu, akaanza: habari yako, mama je... Nadhani safari hii ndugu yake hakungoja kuulizwa ngamia.

"Inna lillahi," mzee akasema polepole. "Mama yetu."

Tuktuk ikasimama stendi. Simu ilikuwa bado inahesabu dakika mkononi mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshuka.