Dada Liliane Anatua Kagugu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuhudumia abiria angani, Dada Liliane Mukeshimana, mhudumu mkuu wa ndani ya ndege, anavua sare rasmi tarehe 30 Juni. Tuliobaki tuligombania viatu vyake vya akiba. Nilishinda mimi, Raihana, na wenzangu kwa hasira wakanibebesha kazi ya kuandika wasifu huu.

Liliane alikulia Bujumbura, akafika Kigali akiwa msichana, na aliomba kazi hii kwa sababu moja tu, ambayo huisema bila haya: sare. Alimwona mhudumu mmoja akikatiza pale uwanja wa ndege wa Kanombe na skafu shingoni, akasema na mimi lazima. Hakuna aliyemwambia habari za miguu inayovimba mpaka kiatu kigome kuvulika, wala za watu wazima wanaouliza choo kiko wapi huku wameegemea mlango wake. Lakini tuseme ukweli, raha nazo zipo. Ni kazi gani nyingine unakunywa chai Kigali asubuhi, jioni unachagua vitambaa Dubai, na mama mkwe anakusifu mtaa mzima kwa sababu ya manukato uliyomletea?

Kwake tumejifunza jinsi ya kutocheka. Siku moja tukikaribia kutua, mzee mmoja alibonyeza kengele akaomba dereva amshushe Kabuga, kwani nyumba yake alikuwa anaiona dirishani kabisa, na kutoka uwanjani ingembidi apande basi kurudi nyuma. Mimi nilijificha nyuma ya pazia. Liliane, uso mkavu, alimweleza kwa heshima zote kwamba leo kituo cha Kabuga kimefungwa. Mzee alishukuru, akafunga mkanda.

Ubaya wa kazi hii uko kwenye kalenda. Ratiba haijui sikukuu, na nyumbani kwake Kagugu Noeli ilisherehekewa siku mama alipopata mapumziko. Mwaka mmoja iliangukia Machi. Majirani waliposikia nyimbo za Noeli katikati ya Kwaresima, walidhani familia imebadili dini. Binti yake, Kaliza, alikua akiamini kwamba Yesu huzaliwa kufuatana na ratiba ya ndege.

Aliyevumilia yote hayo ni shemeji yetu Silvère, fundi wa magari kule Gatsata. Kila Liliane alipotua alimkuta mumewe pale wanapotokea abiria, na nje gari linalongoja kusukumwa. Ndiyo, gari la fundi. Liliane amelisukuma akiwa na visigino virefu, akisaidiwa na abiria aliokuwa akiwapa chai muda mfupi kabla.

Basi, mwezi wa tano Liliane akachukua likizo ndefu ili ajaribu kustaafu. Jamani! Wawili hawa hawakuwahi kukaa pamoja muda wote huo tangu harusi. Kabla ya chakula alisimama sebuleni akionyesha milango kwa mikono miwili. Wageni wa Silvère kutoka gereji waliamriwa wanyooshe viti na kusukuma masanduku ya spana chini yake. Wali ukishagawiwa, hakuna ruhusa ya kwenda msalani mpaka sahani zikusanywe.

Likizo ilipokwisha, Silvère akatokea ofisini kwetu amevaa suti. Alimwomba bosi wetu, Mutsinzi, amwongezee mkewe mwaka mmoja, hata kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mutsinzi akasema kanuni ni kanuni. Sasa, ofisi yetu haiweki siri, na habari zilimfikia Liliane kabla shemeji hajafaulu kuwasha gari. Hapo hatukucheka tena. Alilia sare ikiwa mwilini. Alituambia kwamba miaka yote alikuwa na hamu ya kurudi nyumbani, kumbe nyumbani wana hamu aondoke.

Akamnunia. Silvère alijitahidi, maskini: alikaa wima mezani, amejifunga kwenye kiti kwa mkanda wa suruali. Mkewe akampita bila kumtazama.

Ikaja safari yake ya mwisho. Tulipotua tulitoka naye sote, roho juu, hatujui kama Silvère atakuwepo. Alikuwepo, palepale pa siku zote. Alipokea sanduku, lakini hakuondoka.

"Mama Kaliza," alisema mbele yetu, "mimi maisha yangu yote nimejua kukupokea tu. Sasa kama huondoki tena, nitakupokea wapi?"

Nasi tukajifanya tunatafuta simu zetu mikobani.

"Jikoni," Liliane akamjibu. "Na uje na vitunguu."

Silvère alilia waziwazi, na mimi niliyekuwa nimeapa kutolia niliharibu wanja wote.

Dada Liliane, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kututetea kwa bosi kila tulipochelewa. Sisi wadogo zako tunakuombea afya njema na usingizi mrefu. Watu wengi umewafikisha makwao. Sasa fika kwako, ukae.