Mama Dirisha na Picha Aliyochelewa Kuituma

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi wetu wa chumba cha ngozi anavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hapa kituoni ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Kwetu yeye ni Mama Dirisha, kwa sababu mgonjwa akishaingia tu, hata kabla hajaulizwa anasumbuliwa na nini, anaambiwa, "Sogea dirishani nikuone." Jina lilianza kama utani wa watu wa mapokezi. Siku hizi hata wagonjwa wapya wanafika getini wakiuliza kama Mama Dirisha yupo.

Alianzia chumba cha vidonda. Miaka ile mwenye tatizo gumu la ngozi aliandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, na wengi hawakwenda. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, na mtu ambaye ngozi yake inabanduka magamba hapendi kukaa kutwa nzima amebanwa katikati ya watu wanaomkodolea macho. Ndipo daktari bingwa wa ngozi wa huko, mama mmoja mwenye maneno machache na utani mkavu, alipotuambia tuwe tunamtumia picha na maelezo kwa simu, naye atajibu. Kituo kikapata simu. Kazi ya ziada haikuwa na mgombea, akabebeshwa yeye.

Picha ya kwanza aliyoituma ilikuwa ya bomba la sinki linalovuja, ambayo alikuwa ameipiga amwonyeshe fundi. Jibu lilirudi upesi: "Hali hii imenizidi. Mpelekee fundi bomba." Alicheka mpaka akaketi chini. Baada ya hapo hakukosea tena. Alijifunza kupiga ya mbali, kisha ya karibu, kisha nyingine na rula pembeni ili daktari ajue ukubwa wa baka. Taa ya simu hakuitumia, maana inaidanganya rangi. Uso aliufunika kama haukuhitajika. Na hakutuma kitu kabla mgonjwa hajaishika simu mwenyewe, akaitazama picha na kuridhika.

Kwa njia hiyo watoto wenye mapunye walitibiwa bila kukosa shule. Dereva mmoja aliyekuwa ameshajipaka kila dawa ya dukani aligundulika kwamba ngozi yake haipatani na mkanda wa saa yake tu. Mwalimu mmoja alikuja amejifunika kitambaa mpaka machoni, uso umeungua kwa krimu za kujichubua. Alikuwa analia kwa aibu. Mama Dirisha alivuta pazia, akamwambia, "Mwanangu, hii ni ngozi, siyo tabia. Funua." Mwalimu akafunua. Leo anafundisha bila kitambaa.

Tungeweza kuishia hapo, tukapiga makofi, tukala keki. Lakini mwenyewe ametukataza. Nilipomwambia kwamba mimi wa maabara ndiye niliyepewa kuandika wasifu huu, alinijibu: "Ukiandika nilikuwa nachekesha watu tu, sherehe yenu sitakuja. Andika na yale mengine." Haya ndiyo yale mengine.

Kuna mwaka alianza kuvaa sweta. Jua linawaka, feni zinazunguka, yeye yuko ndani ya sweta la mikono mirefu. Tukimtania anasema ana baridi ya uzee. Kumbe juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto kulikuwa na baka lililopauka kuliko ngozi yake. Alikuwa ameshaligusa kwa pamba, macho amefumba, hakuhisi kitu. Mabaka kama hayo alikuwa ameyapiga picha kwa wengine, na majibu yake aliyajua. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza. Alijua kabisa kwamba ni ukoma, kwamba unatibika, na kwamba vidonge vinatolewa bure katika jengo hilihili analofanyia kazi. Akakaa kimya.

Alinieleza sababu zake bila kujitetea. Aliogopa wagonjwa wake wangekimbia. Aliogopa maneno ya ukweni. Zaidi ya yote, alisema, alijionea aibu: yeye wa kuwaambia wenzake wafunue, atafunua kwa nani?

Mumewe ni fundi cherehani na meza yake ya kazi iko sebuleni. Jioni moja mama alikuwa anamkunjia nguo, mkono ukaegemea pasi ya moto. Mzee ndiye aliyesikia harufu.

"We mama, unaungua!"

Aliutoa mkono taratibu, akautazama kama wa mtu mwingine. Akamwambia mumewe hakuona. Mzee alimjibu, "Sikukuuliza kama umeona. Huhisi?" Kidonda kilipopona, sweta liliendelea.

Kilichomshinda ni mjukuu. Binti yake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, hufanya kazi ya zamu, hivyo mtoto wake wa kike alikuwa akilelewa na bibi, analala naye kitanda kimoja. Asubuhi moja bibi anamwogesha, akaona paja lina doa lililopauka. Alimwambia wacheze mchezo: fumba macho, nikikugusa sema hapa. Mtoto alisema hapa, hapa, hapa. Pamba ilipofika kwenye doa, alinyamaza, akingoja kuguswa.

Mama Dirisha alikaa kwenye sakafu ya bafu, maji yanamlowesha, mtoto akimuuliza, "Bibi, mbona hunigusi?"

Siku hiyohiyo alimleta mtoto kituoni na kutuma picha zake. Chini yake akaambatanisha picha nyingine ya mkono wenye baka, na maelezo kwamba ni wa jirani yake, mwanamke mtu mzima. Daktari bingwa hakuandika jibu. Alipiga simu.

"Dada, huyu jirani yako ana mkono mmoja?"

"Kwa nini, daktari?"

"Kwa sababu mwingine ndio umeshika simu. Na picha zako huwa zimetulia. Hii inatetemeka."

Kisha daktari akasema kwa upole, "Vua hilo sweta, uende dirishani. Mwite mwenzako wa maabara aje ashike simu, nikuone mzima."

Ndivyo nilivyoitwa. Mgongoni kulikuwa na mabaka mengine ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiyaona. Daktari alinielekeza kwa simu nipime wapi pamba inahisiwa na wapi haihisiwi, kisha nichukue kipimo kwenye ndewe ya sikio. Nilianza kumwomba Mama Dirisha radhi. "Fanya kama kwa mgonjwa mwingine," aliniambia, akiwa amegeukia ukuta. Darubini ilithibitisha aliyokuwa akiyajua muda wote ule.

Aliuliza swali moja tu, kama yeye ndiye aliyemwambukiza mtoto. Daktari hakumpamba wala hakumponda. "Ugonjwa huu unakaa mwilini miaka kabla haujajionyesha. Nani alimpa nani, sitaweza kukwambia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ungekuja mapema, nyumba nzima ingepimwa mapema." Maneno hayo hajayasahau, wala hakuomba yalainishwe.

Binti yake alipoambiwa, alimgeukia mama yake. "Mama, ngozi za watu wote umezituma zikatibiwe. Ya kwetu ndiyo ukaifunika?" Akamchukua mtoto wake, akahama. Mzee alipimwa, hakuwa na kitu. Akaendelea kulala kitanda kilekile na mkewe, na aliyemshangaa alimwambia ashangae nje.

Katika kikao cha asubuhi Mama Dirisha alisimama, akatueleza yote mwenyewe. Tulitikisa vichwa kwa huruma. Lakini ilipofika saa ya chai, kikombe chake kilikuwa kimesogezwa peke yake mwisho wa kabati. Aliyekisogeza hakujulikana, na hakuna aliyekirudisha. Ni sisi, watu wa makoti meupe, tunaowafundisha wengine kwamba mgonjwa akishaanza vidonge haambukizi, achilia mbali kwa kikombe. Daktari mkuu wa kituo aliingia, akakiona, akakichukua hichohicho, akajimiminia chai na kunywa mpaka ikaisha, huku akituangalia mmoja mmoja. Hatukuwa na pa kuweka macho.

Alimaliza dozi ya mwaka mzima. Dawa moja ilimtia weusi usoni, majirani wakamuuliza kama amehamia shambani, akawajibu anapendeza zaidi. Mjukuu alipona, doa likafifia lisijulikane lilikuwa wapi. Bibi hakupona vizuri kama mjukuu: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimebaki kimepinda, na hakihisi moto wala baridi. Husema hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa.

Kuanzia hapo hakumwacha mgonjwa wa aina hiyo aondoke bila kuahidi kuwaleta wote anaolala nao nyumba moja. Aliwafundisha wauguzi wa vituo jirani kupiga picha na kutuma, na kila mafunzo aliyaanza kwa kuonyesha picha yake ile inayotetemeka. Alisema ni mbaya kwa ufundi, lakini hana nyingine ya kufundishia jambo hilo.

Binti aliendelea kumsalimu mama yake kwa simu, salamu fupi. Mwezi uliopita alitokea kituoni bila kutoa taarifa, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika aliingia na kuvuta juu mkono wa blauzi. Chini ya kwapa alikuwa na duara jekundu.

"Nimeliona asubuhi," alisema. "Nimekuja moja kwa moja. Nipige picha, mama."

Mama alipiga, mwana akaitazama na kuridhika, ikatumwa. Walikaa bega kwa bega kwenye benchi wakingoja. Jibu la daktari bingwa lilisema ni fangasi wa kawaida tu, apake dawa. Mama Dirisha alilisoma kwa sauti. Binti alichukua kikopo cha dawa aliyopewa, akakifungua, akampa mama yake. "Nipake wewe," alisema, akanyanyua mkono.

Dada yetu, tunakushukuru kwa macho yako, kwa mikono yako, na kwa kukubali aibu yako isomwe mbele ya watu ili mwingine asichelewe. Tusamehe kwa kile kikombe. Uende salama, upumzike vizuri, na maisha yaliyo mbele yakutendee mema.