Shairi Litangulie Chakula: Kumbukumbu ya Jerotich

Wasikilizaji wapendwa, leo sina maneno ya kubembeleza. Jerotich amefariki. Na alipokuwa hai, tulimnyang'anya kipaza sauti.

Jerotich, muuguzi wa mtaa wa Toongabbie, hapa Sydney. Jerotich, mshairi. Saratani imemchukua akiwa bado kijana.

Kabla ya kuja Sydney alisomea uuguzi Glasgow, kule Uskoti. Mvua ilimchosha, lakini watu walimteka moyo. Taifa lile lina mshairi wake rasmi. Ukuta wa bunge lao umechongwa mistari ya mashairi. Na kila Januari, kwenye karamu yao, chakula chao cha tumbo la kondoo huletwa mezani kwa heshima, kisha kikasomewa shairi. Kisu hakikigusi kabla.

"Alinipigia simu akicheka," asema mdogo wake, Jacky. "Akaniambia, 'Hawa watu wanalisifia tumbo la kondoo kwa mashairi! Na sisi wenye Kiswahili je?'"

Tangu hapo alitaka jambo moja tu. Shairi la Kiswahili lifungue sherehe ya kila mwaka ya jumuiya yetu, pale kwenye ukumbi wa Auburn. Lisomwe lote, watu wakisikiliza. Kamati ikampa nafasi. Wapi? Chini ya "burudani", baada ya hotuba za wakubwa, pilau ikipakuliwa.

Mwaka jana alifika mstari wa pili.

"Wee Jero, fupisha, njaa inatuua!" mtu akapaza sauti. Tukacheka. Ndiyo, tulicheka. Mwenyekiti wetu, Bwana Mutua, akampokonya kipaza sauti mkononi: "Mwenye Toyota nyeupe, umeziba geti. Halafu, chakula tayari."

Jerotich aliendelea kusoma. Midomo ilionekana, sauti ikamezwa na sahani. Njiani kurudi nyumbani aliuliza swali moja: "Jacky, kwani Toyota ina haki kunizidi?"

Jumamosi tumemzika. Kutoka makaburini tukaingia ukumbini, na msema chochote wa shughuli ni Mutua yuleyule.

"Shairi baadaye, Jacky. Mwakani tutalipatia nafasi nzuri."

"Mwakani dada yangu atakuwa wapi, Mwenyekiti?"

Jacky alishika mwiko, akasimama mbele ya masufuria. "Hapakuliwi kitu!" Watu wazima tukaganda, sahani tupu mikononi, Mutua wa kwanza kwenye foleni. Jacky akasoma shairi la dada yake, lote:

*Neno langu si karanga, la kutafuna mkila,*
*Ni mlango naujenga, uingie bila hila,*
*Mkizima, nitagonga, halali mwenye kulala,*
*Shairi litangulie, chakula kifwate nyuma.*

Safari hii hakuna aliyecheka.

Pole sana, Jacky. Poleni familia yote, hapa Sydney na kule Eldoret. Sisi wengine hatustahili pole. Tujiulize: ilikuwa njaa gani ile, isiyoweza kungoja mistari minne?

Leo jioni, wasikilizaji wapendwa, kabla ya kijiko cha kwanza, lisomeni shairi la Jerotich mezani. Kwa sauti. Watoto wakijibu kwa Kiingereza, lisomeni tena.

Chakula kipoe.