Nusu Yangu na Bi Sabuni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali. Daktari Bingwa, ambaye kiti chake kiko wazi kwa sababu nitakayoieleza. Waheshimiwa wauguzi wa wodi ya upandikizaji. Ndugu zangu mliouguza na mnaouguza. Na wewe Bi Sabuni, muuguzi mkuu wetu unayestaafu leo, mwenye siku yako:

Kabla ya neno jingine lolote, kwa heshima na taadhima, natangaza mbele ya hadhara hii kwamba kile kiti cha kona katika chumba cha kusubiria, kilichokuwa kikimyumbisha kila aliyekikalia bila kujali cheo chake, tangu jana hakiyumbi tena. Naomba makofi tuyaweke akiba.

Mimi ni fundi viti. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu pa kukaa, na mwenyewe kukaa siwezi. Mshereheshaji amenipa muda mfupi na tayari naona anaitazama saa yake. Univumilie, ndugu yangu, leo nina sababu. Hapo chini, katika chumba cha picha, mdogo wangu wa kike yumo ndani ya mashine hivi sasa, na picha hiyo ndiyo itakayosema kama ile limfoma, saratani ya tezi za limfu, imeondoka au imejificha tu. Daktari Bingwa ameahidi kwamba akishaitazama atakuja humu moja kwa moja. Kwa hiyo mkiniona nasema nanyi huku nautazama mlango, msidhani ni dharau.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na nyumbani tunamwita Kitinda. Ugonjwa ulimwanza kwa uvimbe shingoni, mama akaukanda kwa maji moto akidhani mtoto amelalia shingo vibaya. Baadaye tukapewa jina lake halisi. Dawa zikaupiga ukaondoka, nywele zikaota, tukashangilia, ukarudi. Daktari akasema sasa dawa peke yake hazitoshi: anahitaji seli shina za mtu mwingine, zile zinazozaa damu, zikamjengee ulinzi mpya.

Nani atoe? Sote tulimgeukia kaka yetu mkubwa. Yeye na Kitinda wamefanana sura, kicheko, hata namna ya kununa. Kabla ya vipimo alishaanza kutembea kwa mwendo wa mfadhili. Majibu yakaja: katika kile kinachotafutwa, kaka mkubwa hafanani naye hata chembe. Mimi, ambaye watu huniuliza kama kweli tumetoka tumbo moja, nimefanana naye nusu. Na mama, nusu.

Haya, niambieni nyie: familia yenye akili zake ingefanya nini? Sisi tulikaa kikao, na asubuhi yake mimi na mama tukamwendea Bi Sabuni, tumevaa vizuri.

"Mwenzangu," mama akamwambia, "tumekuja wote wawili. Nusu yangu na nusu ya huyu, mkizichanganya inatimia."

Bi Sabuni hakucheka. Namwona pale mbele, hata leo hacheki. Aliuliza, "Mmenawa mikono?"

Tukarudi tukanawa. Ndipo akatukalisha, mimi nikaangukia kile kiti cha kona, akatueleza pole pole. Kwamba mzazi na mtoto siku zote hufanana nusu, lakini ndugu kwa ndugu huenda ikawa nusu, huenda yote, huenda patupu. Kwamba zamani nusu iliogopwa, kwani seli ngeni zikiuona mwili si wao huushambulia. Kwamba siku hizi, siku chache baada ya kuzipandikiza, mgonjwa hupewa dawa kali inayowamaliza wale wakorofi na kuwaacha wenye adabu waendelee kujenga.

"Kwa hiyo nusu moja inatosha, mama. Tutachukua ya huyu, yeye bado kijana."

"Huyu?" mama akauliza. "Huyu asiyeweza kutulia hata akamaliza kikombe cha chai?"

"Seli zake hatuzitaki zitulie, mama. Tunazitaka zifanye kazi."

Je, mmewahi kufungwa na mashine mikono yote miwili? Damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi kwa mkono ule, na wewe umeambiwa usikunje kiwiko. Ndipo pua ikaamua kuwasha. Nikavumilia mpaka machozi yakanitoka.

"Bi Sabuni, nisaidie."

"Wapi panauma?"

"Pua. Inawasha."

Akaenda akanawa mikono. Akaifuta, akavaa glavu, ndipo akanikuna pua. Mimi sikusoma sana, lakini nimesoma kila kilichobandikwa kwenye kuta za hospitali hii, na sijaona palipoandikwa kwamba muuguzi mkuu atakuna pua za watu.

Mfuko wa seli zangu ulipotundikwa kitandani kwake, Kitinda aliutazama, akanitazama mimi nyuma ya kioo, akanipigia simu. "Ndiyo hiyo tu? Siku nzima uko kule, umeleta hiyo?"

Kisha tukaanza kungoja kama zitashika. Mama kila asubuhi: "Zimeshika?" Bado. "Leo je?" Bado, mama. Nikawa natembea korido mpaka wafagiaji wakanilalamikia. Bi Sabuni akaja na bisibisi. "Kama huwezi kukaa, tengeneza viti." Nikavitengeneza vyote, isipokuwa cha kona. Hicho nilikiacha makusudi: ndicho pekee nilichoweza kukikalia, maana kilihangaika pamoja nami. Juzi akaniambia haachi wodi yenye kiti kibovu. Ndiyo maana ya tangazo langu.

Zikashika. Nilijua kwa simu ya Kitinda: "Kaka, seli zako zimeanza ugomvi. Ngozi inaniwasha, na jana nimemfokea mama bila sababu. Hiyo ni damu yako."

Leo asubuhi hakuna aliyekuwa na utulivu nyumbani. Kitinda alikuwa ameambiwa asile kitu kabla ya picha, na hakula, hata tonge. Nikamwonea huruma, nikampelekea kikombe cha chai, sukari vijiko vitatu, angalau moyo utulie. Akakinywa chote.

Bi Sabuni, mbona umeshika kichwa?

Basi nifupishe. Bi Sabuni, wengine watakusifu kwa miaka ya kazi. Mimi nakusifu kwa kuwa hukuwahi kutuambia "atapona" ili tu tuondoke mlangoni pako. Ulituambia unachokijua, na usichokijua ulisema hukijui, kisha ukatutuma tukanawe mikono. Nenda kapumzike, kama unaweza. Ukifika kwangu, kuna kiti chako kisichoyumba. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza mtu nisiyetulia.

Ngojeni. Mlango.

Daktari, karibu. Kitinda naye yuko nyuma yako, na barakoa yake. Sema hapa hapa, Daktari, hawa ni watu wetu. Sema tu.

Anasema picha haikupigwa. Mashine ile huusaka ugonjwa kwa kufuata sukari mwilini, na mgonjwa amekuja na sukari yake kutoka nyumbani.

Amepangiwa Jumatatu, bila chai.