Koti la Chapuo, Kama Tulivyoliona Sisi

Mgeni rasmi, mama uliyemchora Chapuo kabla baadhi yetu hatujaota meno,

Sisi wanachama saba wa Kikundi cha Kalamu Moja tunakukaribisha katika chumba hiki cha kushonea. Utuwie radhi kwa vipande vya nyuzi vitakavyong'ang'ania nguo yako. Nasi tulivibeba hadi nyumbani utotoni, na mama zetu walijua tulikotoka kwa kututazama magoti tu.

TULIKOTOKA

Zamani, mtaa huu ulikuwa na televisheni moja ambayo mtoto yeyote aliruhusiwa kuitazama: hiyo iliyo juu ya kabati, mali ya Fundi Cherehani, mzee aliyeketi mstari wa mbele. Kila saa kumi na moja jioni alitokea Chapuo, tarishi wa katuni, akikimbia na mkoba wa barua ili azifikishe kabla walioziandika hawajasahauliwa. Tulijazana chini ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi aliacha kukanyaga cherehani ili tusikie, ingawa wateja walikuwa wakingoja.

"Suruali haikimbii," aliwaambia. "Chapuo anakimbia."

Televisheni yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa imepoteza wekundu wote. Msoma habari alikuwa na uso wa samawati kama mtu aliyeopolewa majini, nasi tukaamini ndivyo watu wa televisheni walivyo. Na koti la Chapuo lilikuwa kijani. Tulilichora kijani kwa chaki sakafuni, kijani nyuma ya madaftari ya hesabu, na tukachapwa kwa ajili yake. Kisha kipindi kikakatishwa, tukakua, tukatawanyika.

TULICHOKIFANYA

Miaka minne iliyopita mwenzetu muuguzi alinunua tableti iliyokwisha kutumika, yenye ufa pembeni na kalamu moja. Tukaanza kurudi hapa kila Jumamosi. Kalamu tumeifunga kwa uzi wa Fundi isipotee, nayo huzunguka mkono hadi mkono. Mshona viatu huchora miguu, kwa sababu anajua kiatu kinavyojikunja mtu akikimbia. Dereva huchora barabara. Dada yetu kinyozi huchora nywele, na ole wako uziguse! Kila mmoja ana tabaka lake ndani ya picha, na hakuna anayefuta la mwenzake. Tumekamilisha picha mia mbili na kumi na mbili za Chapuo. Hakuna aliyetufundisha. Tunalisema hilo kwa fahari, si kwa kutafuta huruma.

KILICHOTUKWAZA

Mama, siku moja muuguzi aliipata mtandaoni picha yako ya asili. Koti lilikuwa manjano.

"Huyu si Chapuo," dereva alisema. "Huyu ni binamu yake."

Tulimpelekea Fundi habari. Aliweka mkasi chini.

"Yaani miaka yote ile nilikuwa nawadanganya?"

"Hukutudanganya, Baba. Ni televisheni: manjano bila wekundu hugeuka kijani."

"Televisheni ya nani? Mliniazima macho yenu, nami nikayajaza uongo."

Tangu hapo hutuomba radhi kila Jumamosi, kama mtu aliyeharibu kitambaa cha mteja. Siku hizi macho yake yamefifia, na uzi tunamtungia sisi. Lakini kosa lile analiona vizuri kuliko sindano.

Kisha ukatangaza kwamba Chapuo anarudi, na kwamba picha za mashabiki zitapamba mwanzo wa kipindi kipya. Sharti la nne linasema rangi ziwe kama za asili. Kwenye tableti, kubadili koti ni mguso mmoja tu. Jumamosi iliyopita tulifungua picha tuliyoichagua kati ya zote, tukagusa. Koti likawa manjano, zuri, sahihi.

Fundi alikuwa anapiga pasi. "Mbona kimya? Kafa nani?"

Kinyozi akagonga kioo cha tableti kwa vidole viwili kutengua, kijani kikarudi, tukapumua.

OMBI LETU

Hatuombi tableti mpya, wala kalamu ya pili. Tunachoomba tumemwambia Chapuo mwenyewe katika ubeti huu:

Koti lako tulipaka, kijani bila kujua,
Dukani tulipofika, pua ikigusa pua,
Fundi hakukasirika, wala hakututimua,
Rangi hiyo kufutika, ni moyo kuupasua.

Mama, hatusemi ulikosea. Chapuo ni wako. Lakini wewe ulimtuma, na hapa alifika akiwa amevaa kijani. Tunaomba picha yetu ipokelewe hivyo ilivyo. Ikikataliwa, sisi tutavumilia, tumezoea. Fundi ndiye atakayeamini hadi mwisho kwamba alituharibia utoto, ilhali ndiye aliyetupatia.

Kwenye kiti chako kuna mfuko. Fundi alipokuwa anakushonea, alimuuliza muuguzi, aliyewahi kukuona mkutanoni, "Mabega yake kama ya nani?"

"Kama ya mwalimu wetu wa hesabu."

"Basi ni mkali. Nitamwachia nafasi."

Ni koti la mvua, la kijani. Alipolimaliza aliingiwa na aibu, akatukataza tusikupe. Tumemkaidi kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Ukilivaa, tafadhali sogea hadi pale alipoketi. Kwa umbali wa mkono mmoja, rangi bado anaziona.

Mungu ayalinde macho yako, na mkono wako usitetemeke mbele ya karatasi nyeupe.

Ni sisi, watoto wa chini ya meza,
Kikundi cha Kalamu Moja.