Mzee Alphonse Kilufya, Aliyewapokea Wageni wa Chuo

Mzee Alphonse Kilufya Mwansa alizaliwa hapa Likasi tarehe 14 Machi 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Cyrille Kilufya, mfanyakazi wa kituo cha umeme cha Koni, na Mama Rosalie. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mama yake alisimulia kwamba mtoto hakulia hata kidogo. Alikuwa anatazama mlangoni nani anaingia.

Alisoma kwa mapadri hapa mjini, akapata diploma ya serikali mwaka 1980, kisha shahada ya jiografia Lubumbashi mwaka 1986. Alirudi na sanduku la vitabu na viatu vya kuazima. Vitabu alivisoma vyote. Kuhusu viatu, familia haina habari.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Mama Berthe, wakajaliwa watoto watatu: Arsène, Joëlle na Dan.

Alifundisha sekondari hadi mwaka 2004, alipoajiriwa na chuo kikuu na kukabidhiwa maprofesa wageni, wale wanaokuja wiki mbili kufundisha somo lisilo na mwalimu, wanatoa mtihani na kuondoka. Kabla yake walitoka Lubumbashi tu. Mzee Alphonse alisema chuo chenye walimu walewale ni kama familia inayoongea peke yake mezani: kila mtu anajua mwisho wa hadithi, na bado anacheka kwa adabu. Akaandika, akasihi, akangoja. Wakaja: mwanahistoria wa Kisangani, mtaalamu wa maji kutoka Dakar, Mpoland wa mambo ya udongo, mama wa hisabati kutoka Bujumbura. Wanafunzi wakagundua kwamba swali moja linaweza kuwa na majibu mawili. Wapo wenzake ambao walichelewa kumsamehe kwa hilo.

Alikuwa na masharti yake. Kwenye parkingi ya teksi-basi hakusimama na karatasi yenye jina. "Mugeni haiko muzigo," alisema, "hata tumusome jina kama sanduku." Tena hakumuuliza mgeni jina kabla hajala. Ndiyo maana, mwezi Juni 2011, alimpokea bwana mmoja mwenye suti na mkoba, akamleta nyumbani, akamlisha bukari na sombe, akampa kitanda cha Arsène. Asubuhi, mlangoni mwa chuo, yule bwana akauliza kwa upole:

"Papa, boutique yenu iko wapi? Nilileta sabuni ya kuonyesha."

"Weye haiko professeur wa maji?"

"Hapana, papa. Lakini chakula ilikuwa muzuri."

Mtaalamu wa Dakar alikutwa parkingi, amelala juu ya benchi, amekumbatia sanduku lake. Mzee Alphonse aliomba radhi mbele ya darasa zima, akaapa kwamba hakuna mtu atakayeketi tena pale akingoja bila wa kumpokea. Kiapo hicho alikishika, katika mvua na katika homa. Muuza sabuni, Papa Déogratias, yuko nasi leo. Ameketi pamoja na maprofesa, na hakuna anayeona ajabu.

Sisi wa nyumbani tulinung'unika sana. Joëlle alikua akijua kwamba kitanda ni kitu cha kuazimwa.

Mwezi Novemba 2024 Mzee Alphonse aliugua figo, akawa anatibiwa Lubumbashi. Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, siku moja baada ya kutimiza miaka 64, aliruhusiwa kutoka hospitali, akatuma ujumbe kwamba alasiri atafika Likasi. Siku hiyohiyo mama wa Bujumbura alikuwa anakuja tena, kwa mwaliko wa Mzee mwenyewe. Gari la chuo lilikwenda kumchukua mgeni huyo Lubumbashi, likarudi na viti viwili vitupu. Arsène alidhani Dan atakwenda kumpokea baba. Dan alidhani gari la chuo litamleta. Chuo kilidhani familia ipo.

Mzee alishuka teksi-basi, akaketi parkingi akingoja. Kisha akabeba mkoba wake, akatembea. Alitukuta mezani na mgeni, na sahani yake haikuwepo.

"Arsène!" Mama Berthe alisema. "Professeur munamutumia motoka, munamuchinjia kuku. Baba yenu munamuachia vumbi?"

Mzee alicheka. "Berthe, acha batoto. Miye siko mugeni." Akamgeukia mama wa Bujumbura, akamuuliza kama ameshiba.

 Mpaka leo bado tunalitafuta jibu la lile neno lake, "siko mugeni".

Tarehe 2 Aprili hali ilibadilika, akarudishwa Lubumbashi. Alifariki Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, saa kumi alfajiri, Mama Berthe akiwa kando yake.

Jana tulikwenda parkingi kuupokea mwili. Tulikwenda wote: Arsène, Dan, Joëlle, kwaya, kamati ya chuo na tai zao, magari mawili ya chuo, ambayo kumbe yote yanawaka. Gari la maiti lilichelewa. Tukangoja, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Papa Déogratias peke yake ndiye aliyeketi kwenye benchi.

Tulimuuliza Mama Berthe kama haya yachapwe katika programu ya mazishi. Alisema: "Muandike. Bantu basome."

Mzee Alphonse ameacha mjane, Mama Berthe. Watoto Arsène, Joëlle na Dan. Wajukuu Merdi na Providence. Mdogo wake Édouard. Na wageni ambao hatuwezi kuwataja, kwa sababu hatukuwahi kuwauliza majina.

Hakupenda kuitwa mgeni. Lakini huko anakofika leo hajawahi kufika. Tunaomba awepo mtu wa kumpokea, ambebee mkoba, na amlishe kabla ya kumuuliza jina. Hapo ndipo apumzike kwa amani.